Kaburi, Tuta na Mzimu: Historia ya Maneno Yanayotaja Mahali pa Wafu

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza ukoo mmoja wa maneno ambayo watafsiri, walimu na watumishi wa serikali huyatumia mara kwa mara pasipo kuyapima. Nayo ni maneno yanayotaja mahali walipozikwa watu wa kale, pamoja na yale yanayotaja hofu na heshima zinazopazunguka mahali hapo. Maneno yenyewe ni ya kawaida: kaburi, tuta, kilima, rundo, mahame, mzimu, mzuka. Hakuna hata moja litakalomfanya msomaji afungue kamusi. Hata hivyo, kama tutakavyoonyesha, neno moja likiwekwa mahali pa jingine katika ramani au katika ripoti ya ardhi, mifupa ya wazee wa watu yaweza kupitiwa na jembe la trekta, na aliyeandika asijue kwamba ana sehemu katika jambo hilo.

Haja ya kulizungumzia suala hili imeongezeka. Mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya Bunge, kazi kubwa iliyokuwa mbele yake ilikuwa kuandaa istilahi za ofisi, shule na taaluma. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Kutokana na hatua hiyo, neno la Kiswahili lililokuwa likitumika kama tafsiri tu ya kumsaidia mwananchi sasa linaweza kuwa ndilo neno lenyewe ambalo hakimu ataliegemea. Hapana budi, basi, maneno yanayogusa ardhi na wafu yatazamwe kwa uangalifu mkubwa zaidi.

2. Kutoka Buzuruga hadi Kageye

Mfano wetu wa kwanza tumeuchukua Mwanza. Mtu anayetoka kituo cha mabasi cha Buzuruga akifuata barabara ya kwenda Musoma hupita Nyakato, Igoma na Kisesa. Katika safari hiyo fupi hukutana na historia ndefu ya namna watu wa kando ya Ziwa wanavyowahifadhi wafu wao. Jina lenyewe la Buzuruga linatufundisha jambo: kiambishi bu- cha Kisukuma, kinachoonekana pia katika Bugando, Buswelu na Bujora, hutaja nchi au eneo, sawa na u- ya Kiswahili katika Usukuma na Unyamwezi. Majina ya mahali, kwa hiyo, huhifadhi lugha ya wenyeji hata baada ya mji kuyafunika mashamba yao.

Mgeni anayetarajia kuona Buzuruga vilima vikubwa vya makaburi, kama vile vinavyopigwa picha katika vitabu vya Ulaya, hatavikuta. Atakachokiona ni miamba mikubwa ya matale iliyopangana juu ya vilima, na nyumba zilizojibana baina yake. Desturi ya Wasukuma haikuwa kumwinulia mfu mlima. Aghalabu mwenye mji alizikwa mjini mwake, mara nyingi katika zizi la ng'ombe wake au karibu nalo, na ukoo uliendelea kuishi pamoja naye. Ukoo ulipohama, mahali hapo paliitwa itongo, kwa wingi matongo. Wafu wa ukoo, ambao Wasukuma huwaita masamva, walihesabiwa kuwa bado wana haki mahali hapo, na watu walirudi kuwatambikia.

Hapa mtafsiri hukutana na shida yake ya kwanza. Kiswahili kina neno mahame, yaani mahali palipohamwa. Ni neno zuri, na watu wengi wangelitumia kutafsiri itongo. Lakini mahame hutaja kuondoka tu. Itongo hutaja mahali ambapo walio hai wameondoka na waliokufa wamebaki. Afisa anayeandika katika ripoti yake kwamba eneo fulani ni "mahame" amesema kweli kwa nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye mgogoro. Mji unapopanuka, na mashamba ya jana yakapimwa viwanja, makaburi ya familia hujikuta katikati ya ramani ya mtu mwingine. Aliyesoma neno "mahame" hakutarajia kuyakuta. Aliyesoma neno "itongo", kama neno hilo lingekuwa limekubaliwa, angeuliza mapema ni la ukoo gani.

Kwa watawala mambo yalikuwa tofauti kidogo. Kifo cha mtemi kilifichwa mpaka mrithi wake alipokwisha kuwekwa, na mazishi yake yalikuwa kazi ya watu maalumu wenye miiko yao. Hans Cory, aliyeandika kitabu juu ya mila za watemi wa Usukuma kilichotolewa mwaka 1951, alieleza jinsi mwili wa mtemi na vitu vya utemi vilivyokuwa chini ya ulinzi wa desturi. Utawala wa watemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Tangu hapo makaburi yao hayakuwa tena na mlinzi aliyetambuliwa na serikali. Ngoma na vifaa vingi vya watemi vilipata makao katika Makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950 na Padri David Clement pamoja na Wasukuma wenyewe. Ngoma huweza kuhamishiwa katika makumbusho. Kaburi la itongoni halihamishiki kwa njia hiyo, na ulinzi wake umebaki katika hadithi zinazosimuliwa juu yake na katika neno linaloliita.

Msafiri akienda Kageye, penye ufuko wa Ziwa, atakuta makaburi ya namna nyingine. H. M. Stanley alifika hapo tarehe 27 Februari 1875 na kupokewa na mtawala aliyeitwa Kaduma. Aliporudi mwezi Mei baada ya kulizunguka Ziwa kwa mashua, alikuta mwenzake kijana, Frederick Barker, amekwisha kufa na kuzikwa. Jina la Barker limeandikwa katika vitabu. Wapagazi na askari wa msafara huo waliokufa kwa maradhi na njaa njiani hawakuandikwa hivyo. Kadhalika watumwa waliopitishwa katika bandari ile ndogo. Katika ukurasa wa historia mmoja ana "kaburi", na wengine wana "vifo". Mwalimu anayelifundisha somo hili darasani angefanya vema kuwaonyesha wanafunzi tofauti hiyo ya maneno kabla ya kuwaonyesha ramani.

Na Igoma yenyewe, karibu kabisa na Buzuruga, yamo makaburi ya watu waliozama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Wengi wao walizikwa hapo pamoja, na kila mwaka siku hiyo hukumbukwa. Magazeti yameyaita makaburi ya aina hii "kaburi la pamoja", "kaburi la halaiki" na hata "kaburi la umati". Umati ni watu waliojikusanya kwa hiari yao, kama mkutanoni. Halaiki ni wingi wa watu bila kutaja nia. Kwa hiyo twaona "kaburi la halaiki" ndilo linalofaa. Jambo hili lilirudi tena mwezi Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na watu 228 wakafa.

3. Si kila rundo ni kaburi

Kabla ya kuendelea, yafaa tutenge maneno yanayotaja vitu vilivyoinuka juu ya ardhi, kwa maana macho hudanganya. Kichuguu ni kazi ya mchwa. Tuta ni kazi ya mkulima, naye huliinua ili apande viazi au mihogo. Jaa ni mahali pa kutupia taka. Rundo au chungu ni vitu vilivyowekwa kimoja juu ya kingine, pasipo kusema kwa nini. Kilima ni umbo la nchi tu. Kila moja ya maneno haya limebeba ndani yake habari ya aliyeliinua na sababu yake, isipokuwa mawili ya mwisho, ambayo hayasemi lolote.

Wataalamu wa mambo ya kale wamejifunza tofauti hii kwa taabu. Huko Ntusi, magharibi ya Uganda, vipo vilima viwili vikubwa ambavyo wenyeji waliviita dume na jike. Wengi walidhani ni kazi ya Wachwezi, watawala wa kale wanaosimuliwa katika hadithi za nchi zote za Maziwa Makuu. Uchimbaji ulionyesha kwamba ni majaa: samadi, mifupa ya ng'ombe na vigae, vilivyorundikwa na wafugaji waliokaa hapo kati ya karne ya 11 na karne ya 15. Katika nyanda za juu za Kenya, vilevile, yako mashimo mengi yaliyozungushiwa kingo za udongo yanayoitwa mashimo ya Wasirikwa. Kuna waliosema ni nyumba, na kuna waliosema ni makaburi. Uchunguzi ulionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe.

Fundisho ni kwamba mtaalamu asiyejua kitu ni nini hulazimika kukipa jina linalosema kidogo. Tunao mfano mzuri kutoka pwani hizi hizi za Ziwa. Mwaka 1948 akina Leakey na Askofu Mdogo W. E. Owen walipoeleza vyungu vya kale kutoka magharibi ya Kenya, waliviita kwa umbo lao, yaani vyungu vyenye kibonyeo kitakoni. Baadaye ilionekana kwamba vyungu vingi vya jamii hiyo havina kibonyeo, na wataalamu wakachagua kuviita vya Urewe, kwa jina la mahali vilipopatikana. Istilahi iliyoshikamana na umbo la nje ilikufa, na ile iliyoshikamana na mahali ikaishi.

4. Makaburi ya mawe na ya nguzo

Yapo basi makaburi ya kale yaliyoinuliwa kwa hakika, na Afrika ya Mashariki ni tajiri nayo. Katika kreta ya Ngorongoro yako marundo ya mawe yaliyochimbwa kwanza na Hans Reck mwaka 1915 na kisha Mary Leakey mwaka 1941. Ndani yake ilikutwa mifupa ya watu pamoja na mabakuli ya mawe ya wafugaji waliokaa hapo maelfu ya miaka kabla ya Wamasai kufika. Kando ya Ziwa Turkana, mahali paitwapo Lothagam Kaskazini, uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulieleza jukwaa kubwa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, lililojengwa baina ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Ndani yake inakadiriwa wamo watu wasiopungua 580, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, kila mmoja na mapambo yake. Haikuonekana dalili kwamba wengine walizikwa kwa cheo na wengine kama watu duni. Kwa hiyo mtafsiri anayeandika "makaburi ya wafalme" kila anapokutana na kaburi kubwa la kale anaongeza jambo ambalo ardhi haikulisema.

Miongoni mwa Wamasai, mpita njia alipofika penye kaburi la laibon au mzee mashuhuri aliongeza jiwe, na rundo likazidi kukua kwa miaka mingi. Rundo hilo ni kaburi na ni salamu pia. Pwani nako, kutoka Lamu na Malindi hadi Kunduchi na Kaole, Waswahili walijenga makaburi yenye nguzo ndefu za mawe na chokaa. Baadhi yake yalitiwa mabakuli ya China. Moja la Gedi limeandikwa mwaka wa Hijria unaolingana na 1399. Kiswahili kilikwisha kuyapatia makaburi hayo maneno yake zamani: ziara kwa kaburi linalozuriwa, mashahidi kwa alama za kichwani na miguuni, mwanandani kwa upenyo wa ndani anamolazwa maiti. Maneno haya yote yanamfikiria mtu aliye ndani, au yule anayekuja kumzuru. Katika hayo hakuna hata moja linaloanzia kwenye umbo la udongo. Hiyo ndiyo tabia ya lugha yetu, nasi tunapaswa kuifuata.

5. Lugha ya hadithi za kutisha

Penye kaburi la kale hapakosi hadithi. Waturukana wanaziita nguzo za mawe zilizosimama karibu na Kalokol kwa jina la Namoratunga, yaani watu wa mawe. Husimulia kwamba zilikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, roho mbaya ikawageuza kuwa mawe. Mwaka 1978 wataalamu wawili walidai kwamba nguzo hizo zilipangwa kufuata nyota. Mwaka 1982 Robert Soper, ambaye kabla ya hapo alikuwa amepima maeneo ya kale ya Mwanza, alichapisha vipimo vyake na kuyatia shaka madai hayo. Wengine wanaweza kuicheka hadithi ya wenyeji na kulisifu dai la wataalamu. Lakini tukitazama jina peke yake, wenyeji walikuwa wamesema jambo la msingi: mawe yale yanahusu watu.

Kiswahili kina maneno mengi ya mambo haya, na watafsiri wengi huyachanganya. Mzimu, katika matumizi ya pwani, ni mahali panapotolewa sadaka kwa ajili ya wafu, kama pango, mbuyu au gofu la msikiti, na pia ni roho ya mfu inayodhaniwa kukaa hapo. Koma ni roho ya mtu aliyekufa. Mzuka ni kinachomtokea mtu ghafla na kumtisha. Pepo humpanda mtu. Zimwi ni mla watu wa hadithini. Mzimu, zimwi na kuzimu ni ndugu wa shina moja, na shina hilo limeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Baganda na Wahaya husema omuzimu. Lakini undugu wa maneno hauyafanyi kuwa na kazi moja. Wasukuma wana hadithi mashuhuri ya Shing'weng'we aliyewameza watu wote na wanyama wote, hata Masala Kulangwa, mtoto aliyesalia na mama yake, akamuua na kuwatoa. Shing'weng'we aitwe zimwi bila shaka. Masamva wa itongoni, ambao ni babu na bibi za watu, wakiitwa mazimwi au mizuka, tafsiri imewatukana.

Tatizo kubwa hutokea tunapotafsiri lile neno la Kiingereza linalosifu nyumba au mahali panaposumbuliwa na roho za wafu. Wengi huandika "pamelaaniwa", "pana mashetani" au "pana uchawi". Lakini mswahili wa kawaida, akipita penye kichaka cha kale ambacho watu hawakati kuni, husema kwa sauti ya chini: "Hapa pana wenyewe." Usemi huu una thamani kubwa. Haumtaji shetani wala hautoi hukumu juu ya imani. Unasema kwamba mahali pale pana mwenye mali, na kwamba anayepita ni mgeni. Kwa maneno mengine ni usemi wa haki ya ardhi uliovikwa joho la hofu.

Ndiyo maana hadithi za kutisha zimelinda mahali pengi kuliko mabango. Hadithi isemayo kwamba mtu aliyekata mti katika msitu wa makaburi alipotea njia mpaka asubuhi imehifadhi misitu midogo katika mikoa mingi, pasipo askari wala faini. Mwandishi wa ripoti akiiandika kuwa "ushirikina wa wenyeji", ameifuta ile amri iliyokuwa imefichwa ndani yake. Hatudai kwamba serikali iamini mizuka. Tunadai tu kwamba mtafsiri aiandike amri pamoja na hadithi.

Baganda wametupa mfano wa lugha iliyochunga heshima hiyo kwa ukamilifu. Huko Kasubi, Kampala, wamelazwa Makabaka wanne: Mutesa I aliyefariki mwaka 1884, Mwanga II aliyefia Shelisheli mwaka 1903 na kurudishwa mwaka 1910, Daudi Chwa II aliyefariki mwaka 1939, na Mutesa II aliyefia London mwaka 1969 na kurudishwa mwaka 1971. Mahali penyewe huitwa amasiro, neno ambalo halitumiwi kwa kaburi la mtu wa kawaida. Kabaka hasemwi kuwa amekufa. Nyuma ya pazia la magome ni kibira, yaani msitu, na huko ndiko anakohesabiwa kwenda. Jumba kuu liliungua tarehe 16 Machi 2010, likajengwa upya kwa ufundi wa jadi, na mwaka 2023 UNESCO iliuondoa urithi huo katika orodha ya ule ulio hatarini. Mafundi walioezeka upya walihitaji kujua kila sehemu ya nyumba inaitwaje na ina mwiko gani. Palipokuwa na jina palikuwa na maarifa.

6. Hanang: gharama ya neno lisilofaa

Sasa twaja kwenye mfano ulio mzito kuliko yote. Wadatoga, hasa Wabarbaig wa nyanda za Hanang, ndio watu wa Tanzania wanaojulikana zaidi kwa kuinua makaburi ya tuta. Mzee aliyeheshimika hufanyiwa mazishi makubwa yanayodumu kwa miezi, na juu ya kaburi lake huinuliwa mnara wa udongo, miti na samadi, mrefu kumpita mtu. Mazishi hayo na kaburi lake huitwa bung'eda. George Klima aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1970. Baada ya miaka mingi mvua hulishusha tuta, nyasi hulifunika, na mgeni huona mwinuko mdogo tu mbugani. Lakini ukoo unajua ni nani aliye chini yake, na watu hurudi hapo kutambika na kukumbushana nasaba.

Katika miaka ya 1970 na 1980, serikali kwa msaada wa Kanada ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda hizo chini ya shirika la umma la NAFCO. Mashamba yalifikia saba, yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Nia ilikuwa njema: taifa lilihitaji mkate wake lenyewe. Lakini katika lugha ya mipango, nyanda za malisho zilihesabiwa kuwa ardhi isiyotumika. Wabarbaig walilalamika kwamba malisho yao bora yalichukuliwa na kwamba makaburi ya wazee wao yalilimwa. Kijiji cha Mulbadaw kilifungua kesi mwaka 1981, na Mahakama Kuu ikakubaliana nacho kwa sehemu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliamua kwa upande wa shirika.

Hatusemi kwamba trekta liliendeshwa na kamusi. Mambo ya ardhi yana sababu nyingi, na nguvu ni mojawapo. Lakini lugha ilikuwa na sehemu yake, tena ya namna mbili. Kwanza, Wadatoga wenyewe waliitwa kwa jina ambalo si lao. "Mang'ati" ni jina walilopewa na Wamasai, maana yake adui, nalo likaingia katika mazungumzo ya watu na hata ya ofisi. Watu wanaoitwa adui hawaulizwi majina ya makaburi yao. Pili, kitu kilichoinuka mbugani kikiandikwa kilima, tuta au kichuguu, kazi ya kukisawazisha ni ya kawaida, kama kung'oa kisiki. Kikiandikwa kaburi, sheria nyingine huamka. Tanzania ina sheria ya mwaka 1969 ihusuyo uhamishaji wa makaburi, inayotaka wahusika wapewe taarifa na walipwe fidia. Ina pia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda majengo na miundo ya kabla ya mwaka 1886. Sheria zote mbili haziwezi kumsaidia mtu ambaye kitu chake hakikuitwa kwa jina linalozigusa.

7. Mapendekezo

Kutokana na mifano hii tunapendekeza mambo manne.

La kwanza linahusu muundo wa istilahi. Katika Kiswahili neno kuu hutangulia na sifa hufuata. Anayesema "tuta la kaburi" ametaja tuta kwanza, na katika orodha ya mpima ardhi kitu hicho kitapangwa pamoja na matuta. Anayesema "kaburi la tuta" ametaja kaburi kwanza. Maneno ni yale yale, ila faili limebadilika. Kwa hiyo tunashauri istilahi zote za jamii hii zianze na kaburi: kaburi la tuta kwa lililofunikwa udongo ulioinuliwa, kaburi la mawe kwa lililorundikiwa mawe, kaburi la nguzo kwa yale ya pwani, na kaburi la halaiki kwa yale ya Igoma na Ukara. Istilahi kama "kilima cha maziko" ziachwe.

La pili, majina ya wenyeji yasitupwe. Bung'eda, itongo na amasiro yaandikwe katika maandishi yetu, yakifuatwa na maelezo mafupi ya Kiswahili pale yanapotokea mara ya kwanza. Kiswahili hakikupungukiwa kilipochukua mtemi na ikulu kutoka Kisukuma na Kinyamwezi. Leo ikulu ni neno la taifa zima, na hakuna anayeliona geni. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuigeuza mwenyewe kwa Kiswahili hata ikachapishwa mwaka 1980, aliiletea lugha ya taifa dunia nzima ya kisiwa chake. Mtafsiri wa leo anaweza kufuata njia hiyo.

La tatu, maneno ya roho yatengwe. Mzimu litumike kwa mahali pa kutambikia na kwa mfu anayeheshimiwa hapo. Mzuka liwe la kitokeacho na kutisha, na zimwi libaki la hadithi. Penye haja ya kusema kwamba mahali panaaminika kuwa na wafu wanaopalinda, usemi "pana wenyewe" ukubaliwe hata katika maandishi rasmi, kwani hausingizii wala haudharau.

La nne lawahusu walimu. Wanafunzi wa Mwanza wanaweza kupewa kazi ya kukusanya kutoka kwa wazee wao majina ya matongo ya koo zao na miiko inayohusika nayo, wakiandika neno la Kisukuma, Kikerewe, Kikara au Kijita kama lilivyosemwa. Kazi hiyo haihitaji fedha. Inahitaji daftari na adabu ya kusikiliza.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba mchwa, mkulima, mfugaji na mwenye msiba wote huinua udongo, na kwamba lugha yetu ina maneno ya kuwatofautisha. Tumeona pia kwamba hadithi za kutisha zinazosimuliwa penye makaburi ya kale mara nyingi ni sheria za watu wasiokuwa na karatasi. Mji wa Mwanza unaendelea kupanda vilimani, na upimaji wa viwanja unafuata nyuma yake. Katika kila ramani mpya yuko mtumishi mmoja atakayeamua neno la kuandika mbele ya mwinuko mdogo uliofunikwa na nyasi. Kabla hajaandika, amwulize mzee wa mahali hapo pana nini. Akijibiwa kwamba pana wenyewe, ajue kwamba amekwisha kupewa neno la kuandika, nalo ni kaburi.